Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya ufundi: mwalimu wa useremala msimtoe kwenye benchi

Kwa wakuu wa vyuo vya ufundi stadi, watunga mitaala, na ninyi nyote mnaoamua nani aajiriwe kufundisha useremala na karakana yake ipewe nini,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni watengeneza samani, na wengi wetu ni walimu wa karakana pia. Tunawaandikia kuhusu namna mnavyompata mwalimu wa useremala, mnavyomtumia na mnavyompandisha cheo. Mnamwajiri kwa cheti. Mnamjazia vipindi vya darasani. Akifanya kazi vizuri mnampa ofisi. Kila hatua inazidi kumtenga na benchi, na katika kazi hii mtu aliyeacha kutengeneza samani kwa miaka kadhaa huanza kufundisha kumbukumbu zake. Wanafunzi hulitambua hilo mapema kuliko mkaguzi.

Tuanze na usaili. Mara nyingi mnamkalisha mwombaji mezani, mnampitisha kwenye vyeti vyake, mnamuuliza aina za viungo, naye anajibu vizuri. Tunapendekeza mumpeleke karakana. Mpeni kipande cha ubao uliotoka msumenoni bila kupigwa randa, urefu wa mita moja, upana wa milimita 150, unene wa milimita 32. Mpeni randa iliyotiwa ubutu makusudi, patasi ya milimita 8, msumeno, guni ya kupimia pembe mraba, geji ya kuchorea mistari na nyundo ya mbao. Mpeni saa sita. Mwambieni atoe kona moja ya fremu yenye unene wa milimita 24, kwa kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iliyopunguzwa ikiingia kwenye shimo la ubao mwingine.

Kisha mtazame, msisubiri matokeo tu. Mtengeneza samani wa kweli haanzi na ubao, anaanza na kinoo, kwa sababu ameshaupitisha ukucha kwenye wembe wa randa akajua haukati. Akimaliza kunoa, anauangalia ubao ubavuni aone nyuzi zinapanda kuelekea upande gani, ili asirande kinyume na kuung'oa vipande. Anasawazisha uso mmoja, kisha ubavu mmoja ulio mraba na uso huo, na kuutia kila mmoja alama ya penseli. Kuanzia hapo vipimo vyote vinachukuliwa kutoka kwenye nyuso hizo mbili. Mwombaji anayeegemeza guni upande huu mara moja na upande wa pili mara nyingine, hata kama mkono wake ni mwepesi, atawafundisha watoto wa watu makosa.

Angalieni pia anaanza na kipi. Tundu hutangulia, ulimi hufuata. Upana wa tundu unaamuliwa na patasi na haubadiliki kirahisi, lakini ulimi unaweza kupunguzwa uzi kwa uzi mpaka ukae. Kwa mbao za milimita 24, ulimi wa milimita 8, yaani theluthi, ndio unaoacha mashavu ya tundu, yaani kuta zake mbili, yakiwa na nguvu ya kutosha. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono au kwa kugongwa kidogo. Ukidai nyundo nzito, shavu la tundu litapasuka, labda si leo bali usiku gundi inapokauka. Ukiingia wenyewe na kucheza, gundi nyeupe ya mbao haitauokoa, maana gundi hiyo hushika nyuso zilizogusana na haina nguvu ya kujaza mwanya. Tena tundu lizidi ulimi kwa kina cha milimita 2 hivi. Bila nafasi hiyo gundi inabanwa chini, inakosa pa kwenda, na bega la ulimi, pale ubao unapopunguzwa kuwa ulimi, halifungi hata ukaze klampi vipi.

Nusu ya pili ya usaili ndiyo inayotenganisha fundi na mwalimu, na hatujaona chuo kinachoifanya. Mpeni mwombaji kiungo kibovu kilichotengenezwa na mwanafunzi na mumuulize: nini kilitokea? Tuseme bega la mbele limefunga na la nyuma limeacha mwanya wa milimita moja. Hapo mistari ya bega haikukutana ilipozunguka ubao, kwa kawaida kwa sababu guni iliegemezwa kwenye nyuso tofauti, au msumeno uliinama ukala upande usioonekana. Tuseme mabega yote yamefunga lakini fremu ikilazwa mezani kona moja inanyanyuka. Basi tundu halikuchimbwa sambamba na uso. Patasi ililala upande, na ililala kwa sababu mwanafunzi alisimama ubavuni mwa kazi badala ya kusimama mwishoni mwa ubao, mahali ambapo jicho linaona kama patasi imesimama wima. Mwombaji atakayesema "aongeze umakini" hajamsaidia mwanafunzi. Atakayesema "hama, simama hapa" ndiye mnayemtafuta.

Tuseme na upande wa pili, tusije tukaonekana tunawadharau wenye elimu ya darasani. Fundi mzuri si lazima awe mwalimu mzuri. Wapo mabingwa ambao mikono yao inajua kitu ambacho mdomo wao haujawahi kukisema. Ukimuuliza kwa nini amefanya hivi, anakifanya tena kwa haraka zaidi. Mtu wa namna hiyo anahitaji mafunzo ya ualimu, na mengi yake yanafundishika: onyesha kazi mara moja kwa mwendo wake wa kawaida bila kusema neno, ionyeshe mara ya pili polepole ukieleza, mara ya tatu mwanafunzi akuelekeze wewe cha kufanya. Na aliyesoma darasani anajua kuchora kwa vipimo, kukadiria mbao na kusoma mchoro wa mtu mwingine, mambo ambayo mafundi wengi tumeyapata kwa taabu. Tunachosema ni kwamba kueleza na kuchora kunaongezwa kwa miezi, na ustadi wa mikono unadai miaka. Kwa hiyo ajirini mikono kwanza, kisha mwifundishe kueleza.

Wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1870, huko Nääs, Uswidi, Otto Salomon alipoanza kuandaa walimu wa kazi za mbao, walimu wenyewe walipitishwa kwenye mfululizo wa vitu vya kutengeneza, kuanzia vidogo vya kuchongwa kwa kisu, kila kimoja kikiongeza zoezi gumu kidogo kuliko lililotangulia. Walikuja watu kutoka nchi nyingi. Hakuna aliyeruhusiwa kuuona mfululizo huo kama karatasi ya kugawa darasani. Mitaala mingi ya sasa imebakiza orodha ya vitu na kusahau kwamba mwalimu naye alitakiwa kuvitengeneza.

Sasa tuje kwenye kunoa, jambo linaloonekana dogo mno kwa barua ya wazi. Orodha za manunuzi tunazoziona zina seti za patasi zinazong'aa, lakini vinoo havimo. Patasi mpya haijanolewa, imepewa umbo tu. Mgongo wake lazima usawazishwe kwanza walau milimita 20 kutoka kwenye makali, ndipo upande wa mteremko unolewe: digrii 25 kwenye jiwe la kukwangua, digrii 30 kwenye ncha kwa jiwe laini. Kipimo cha kujua umefika ni ukingo mwembamba wa chuma unaojikunja kuelekea mgongoni. Unausikia kwa kidole. Uwepo kwa upana wote. Ukikosekana kwenye pembe moja, pembe hiyo bado ni butu, na ndipo karibu kila mwanafunzi anapoacha mapema. Akitumia mashine ya kusagia bila kupoza kwa maji, makali yatageuka bluu. Hapo ugumu wa chuma umeondoka na patasi haitakaa na makali tena mpaka sehemu hiyo yote isagwe iishe.

Jiwe la kukwangua la namba 1000 na jingine laini la namba 6000 kwa kila wanafunzi wanne vinatosha, pamoja na kioo kinene na msasa wa kusawazishia mawe yenyewe, kwa sababu jiwe lenye bonde hutoa patasi yenye tumbo. Saa kumi za kwanza za kozi ziwe za kunoa. Tunajua ratiba zenu zimebana. Lakini makali butu humlazimisha mwanafunzi kusukuma kwa nguvu, na patasi inayosukumwa kwa nguvu ikiteleza huishia kwenye mkono wa kushoto.

Mbao ndizo zinazotuumiza zaidi, na hapa tunawaomba msome kwa makini, kwa sababu kosa hili hufanyika ofisini kwenu na kuonekana karakana.

Mbao zinanunuliwa kwa bei ya chini kabisa, zinafika wiki chache kabla ya mtihani, zikiwa mbichi. Ubao unaanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, na samani za ndani ya nyumba zinataka mbao zenye asilimia 8 hadi 12, au juu kidogo ya hapo mahali penye hewa nzito ya unyevu. Kiungo kilichokatwa ubao ukiwa na asilimia 25 hakitabaki kilivyo. Ulimi utapungua unene na upana, mabega yataachia, na mwanafunzi atadhani alikata vibaya wakati alikata sawasawa kabisa.

Kupima hakuhitaji mtambo wa gharama. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni maana mwisho hukauka mapema. Kipime uzito mara moja. Kiweke kwenye oveni ya joto la digrii 103 mpaka uzito uache kupungua, kisha upime tena. Kikianza na gramu 62 na kuishia gramu 50, maji yalikuwa gramu 12, na 12 kugawanya kwa 50 ni asilimia 24. Ubao huo haufai kutengenezea kiti.

Ubao hausinyai sawa pande zote. Kwa urefu karibu hausogei. Kwa upana, ule uliopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti husogea takriban mara mbili ya ule uliopasuliwa kutoka kiini kwenda nje. Kwa mbao nyingi ngumu zilizopasuliwa kwa njia hiyo ya kwanza, kadirio la kufanyia kazi ni robo ya asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu. Meza ya upana wa milimita 800, unyevu ukibadilika kwa asilimia 5, itasogea milimita 10. Hakuna skrubu inayozuia hilo. Uso wa meza uliokazwa pande zote kwenye fremu utapasuka katikati, au utaifungua fremu. Ndiyo sababu matundu ya skrubu hurefushwa kukatiza nyuzi, au hutumika vishikizo vya mbao vinavyoteleza kwenye mfereji. Mwanafunzi anayafundishwa haya, anayaandika kwenye daftari, lakini hayaamini, kwa kuwa meza yake inapewa alama Ijumaa na kuondoka Jumatatu. Mwalimu anayetengeneza samani za kukaa na watu miaka mingi anayaamini. Ameitiwa meza iliyopasuka.

Nunueni mbao mwaka mmoja kabla. Kadirio la zamani la mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ubao unaokaushwa kwa hewa bado linasaidia kupanga, ingawa aina ya mti na hali ya hewa hubadilisha mengi. Zipangwe juu ya magogo, milimita 300 au zaidi kutoka ardhini, chini ya paa lisilo na kuta. Kati ya safu na safu viwekwe vijiti vikavu vya unene wa milimita 25, kila baada ya milimita 500 hivi, vijiti vya safu zote vikiwa kwenye mstari mmoja wa wima. Vikipishana, mbao zinapinda zikiwa hapo hapo kwenye ghala lenu. Ncha zipakwe rangi ili zisipasuke kwa kukauka haraka. Wiki kadhaa kabla ya kazi ziingizwe ndani, kwa kuwa ubao uliokauka nje umelingana na hewa ya nje, si ya sebuleni. Ubao haujui mwaka wa fedha wa chuo unaisha lini.

Na katika fungu hilo, tengeni mbao za kuharibu. Kiungo hakijifunzwi kwa kukikata mara moja kwenye kazi ya mtihani. Mwanafunzi akikata ulimi na tundu kumi kwenye vipande vya mabaki, wa kumi ndio unaostahili kuguswa na gundi.

Kuhusu mashine tutasema machache, kwa kuwa ndizo mnazozipenda na mmeshasikia mengi kutoka kwa wauzaji. Msumeno wa mezani usiendeshwe bila kile kisu kinachokaa nyuma ya diski. Kazi yake ni kuzuia ubao usijifunge juu ya meno ya nyuma, ambayo yanapanda juu na yanaweza kuurusha ubao kifuani mwa mtumiaji. Kisu kiwe kinene kuliko bamba la diski na chembamba kuliko njia ya meno. Kizuizi cha kuongozea kiwe sambamba na diski. Kijiti cha kusukumia kikae mahali mkono unapokifikia, kisiwe kwenye kabati lililofungwa kwa kufuli. Vipande vifupi kuliko milimita 300 visipitishwe kwenye mashine ya randa. Mwalimu mmoja hawezi kuwaangalia wanafunzi 30 wakiwa na mashine tatu zinazozunguka. Tunaomba 12 kwa mwalimu, na fundi msaidizi mmoja wa kutunza mashine.

Vumbi nalo ni suala la ajira ya mwalimu, maana mwanafunzi anapita na mwalimu anabaki. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliliweka vumbi la mbao kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, na Umoja wa Ulaya tangu 2023 unaweka kikomo cha miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Lile vumbi jepesi msiloliona ndilo hatari. Ufagio mkavu hulinyanyua tena hewani. Nunueni mfumo wa kuvuta vumbi kabla ya kununua mashine ya nne. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke au vitiwe kwenye chombo cha chuma chenye maji. Vikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto vyenyewe na kuwaka.

Mnavyotoa alama pia kunaamua mwalimu gani mtampata. Samani zinapewa alama zikiwa zimeshapakwa vanishi, na vanishi inaficha. Mwanya uliojazwa vumbi la mbao na gundi unaonekana kama kiungo safi. Pimeni kabla ya kupaka. Pimeni pembe hadi pembe kwa mishazari yote miwili: fremu ya droo ikitofautiana zaidi ya milimita moja, droo itakwama. Jaribuni kuingiza karatasi ya kawaida kwenye bega. Kiti kikalieni, kisha mwegemee nyuma, kwa kuwa ukanda wa pembeni unapoingia kwenye mguu wa nyuma ndipo kiti hufia. Kikao kiwe kati ya milimita 420 na 450 kutoka sakafuni. Mtakuta viti vingi vilivyopata alama nzuri havikaliki, na aliyevipa alama hajawahi kutengeneza kiti kilichorudishwa na mteja.

Kwa hiyo tunaomba ngazi ya kazi iandikwe upya. Anayetaka kufundisha awe ametengeneza samani za kuuza kwa miaka mitano, na asiyekuwa na diploma lakini akafaulu kwenye benchi aruhusiwe kuingia huku akisomea ualimu. Akishaajiriwa, siku moja kwa wiki iwe yake ya kutengeneza samani, si ya kusahihisha madaftari, na kila mwaka apelekwe wiki sita kwenye karakana ya biashara, ambako atakutana tena na muda, mteja na gharama. Pawe na daraja la mwalimu fundi mkuu lenye mshahara sawa na wa mkuu wa idara, ambalo mtu anaweza kulifikia bila kuacha aproni. Kwa sasa mwalimu bora akitaka mshahara mkubwa inambidi aache kufundisha, halafu mnatangaza nafasi yake.

Na anapokaribia kustaafu, mrithi wake aajiriwe mwaka mzima kabla. Karakana ina vitu visivyo kwenye kitabu cha mali: vielelezo vya plaiwudi vya kukatia miguu ya viti, vishikio vya kuongozea kekee, ile randa ya mashine inayokula zaidi upande wa kulia na namna ya kuirekebisha. Mzee akiondoka Ijumaa na kijana akaingia baada ya miezi mitatu, vielelezo hivyo huwa vimeshapikiwa chai. Katika mwaka huo wafundishe darasa moja pamoja, kila kielelezo kiandikwe kwa rangi jina la kazi yake, vipimo na tarehe, na mrithi atengeneze kwa kila kimoja samani moja kamili huku mzee akiwa bado yupo kumsahihisha.

Wenu katika kazi,
Watengeneza samani na walimu wa karakana